Jibu Lisitoke Ubaoni Bila Kujaribiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikatoka chumba changu cha kupanga Kashai nikichechemea, lakini kichwa juu. Mkuu wa Shule hakuwa na maneno mengi. "Mwalimu Zainabu, uko kwenye majaribio. Nitakaa nyuma ya darasa. Nisiporidhika, utatafutiwa kituo kingine." Nami sikutaka kuondoka Bukoba hata kidogo, mama alikuwa peke yake Hamugembe.

Mada ilikuwa sehemu za aljebra, yaani sehemu zenye herufi ndani yake. Nikaandika x/6 + 1/2. Nikaeleza kwamba cha juu ni kiasi, cha chini ni asili, na hujumlishi mpaka asili zifanane. Tukatafuta kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa sita na kwa mbili. Ni sita yenyewe. Nusu ikawa 3/6, jumla ikawa (x + 3)/6. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini ujana una mbwembwe zake: nikaikata tatu ya juu na sita ya chini, nikaandika (x + 1)/2, nikapiga mistari miwili chini yake. Mkuu akaitikia kwa kichwa.

Msichana aitwaye Editha akanyoosha mkono. "Mwalimu, x nimeifanya sita. Swali linanipa moja na nusu, jibu linanipa tatu na nusu. Nimekosea wapi?"

Nikatazama ubao, nikaiona ile tatu niliyoikata. Ningeweza kumwambia akae, na wengi wetu enzi zile tungemwambia. Nilimfikiria mama. Kisha nikamtazama Editha, aliyekuwa akifuta hesabu yake iliyo sahihi.

"Usifute," nikasema. "Nimekosea mimi."

Mkuu akasimama, nikajua kibarua kimeota nyasi. "Tumekosea wawili," akasema. "Na mimi nimekata hivyo hivyo kwenye daftari langu." Akacheka mpaka akavua miwani, darasa zima likamfuata. Akaja mbele. "Ndizi za ebitoke na maharage vikishachemka sufuria moja, utatoa maharage peke yake? Alama ya jumlisha imevipika pamoja. Kama tatu haigawanyi kila kilichoko juu, isiguse chochote."

Baadaye ofisini akaniambia, "Utabaki hapa. Ila kuanzia leo, jibu lisitoke ubaoni bila kujaribiwa kwa namba." Nilikwenda Hamugembe kumwambia mama, viatu mkononi, na sikumbuki kama njia ilikuwa na mawe.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilihamishiwa Muleba. Mwalimu wa Taaluma wa huko alikuwa mtu wa haraka. "Mwalimu Zainabu, silabasi haisubiri hayo majaribio yako." Nikamjibu kuwa haraka naijua, iliniaibisha siku ya kwanza. Alinuna muhula mzima. Muhula uliofuata nilimkuta darasani kwake akiweka namba mahali pa x, na mimi, Mungu anisamehe, nilipita mbele ya dirisha mara mbili ili anione.

Sasa nimestaafu, napalilia migomba ya mama. Walimu vijana wakija huniuliza siri ya kazi. Sina siri, nina kipindi changu cha mwisho pale Muleba. Tulikuwa tumejumlisha 1/(x − 1) na 1/(x + 1), tukapata 2x/(x² − 1), kengele ikalia. Wenzangu walishapanga viti nje kwa ajili ya kuniaga. Nikaweka chaki chini, nikakusanya vitabu. Hakuna mwanafunzi aliyeinuka.

"Waitu Mwalimu," akasema mmoja kwa heshima ya Kihaya, "hatujajaribu."

Nikakaa kitini, kwa furaha machozi yakinilenga. Wakaifanya x kuwa tatu. Nusu na robo ni robo tatu. Sita juu ya nane ni robo tatu.

Ndipo wakasimama, wakaniruhusu kustaafu.