Nilipopiga Magoti Busisi

Goti la kulia ndilo lililoanza. Nilikuwa kidato cha tatu, tuko mstarini asubuhi, mwalimu wa zamu akatuamuru tuchuchumae kwa sababu ya kelele. Tukachuchumaa wote kimya, na katika ule ukimya goti langu likalia ko! Mwalimu akageuka.

"Nani amevunja kijiti?"

Wasichana wa nyuma yangu walicheka mpaka tukaongezewa adhabu. Mimi pia nilicheka. Wakati huo lilikuwa halijaanza kuuma.

Maumivu yalikuja baadaye, kidogo kidogo. Yalishika magoti yote mawili, yakaenda kwenye nyonga, mabega, vifundo vya mikono, mwisho taya. Nikipiga mwayo, taya linalia upande mmoja kama kitasa kibovu. Mama alisema ni kukua. Nikamaliza shule, nikaacha kukua, maumivu yakabaki.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha kuchakata samaki, Nyakato, hapa Mwanza. Tulisimama kwenye meza ndefu, tumevaa mabuti meupe na kofia za nailoni, tunatoa minofu ya sangara. Chumba kilikuwa cha baridi na samaki walikuja wamelazwa kwenye barafu, hivyo haikuchukua muda mikono kufa ganzi. Wenzangu waliilalamikia hiyo ganzi. Mimi niliisubiri. Kila asubuhi nilivumilia mwanzo wa kazi nikijua kwamba vidole vitanyamaza tu. Shida ilikuwa jioni, tukishatoka nje, damu inarudi mikononi na kila kifundo kinaamka.

Nadhani ni pale nilipojifunza kuitengeneza ganzi mwenyewe, bila barafu. Nilikuwa nautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa karibu nami kwenye benchi. Unauma, ndiyo, lakini hauniumi mimi. Ukizoea kufanya hivyo kwa mkono, unaweza kufanya hivyo kwa mambo mengine pia. Hilo sikulijua mapema.

Siku moja kidole gumba kilichomoka nikiwa nimeshika kisu. Kisu kikaangukia kwenye samaki, bahati nzuri hakikumkata mtu. Msimamizi akanihamishia kwenye kufunga maboksi. Huko bega likashindwa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nenda kapumzike nyumbani, tutakupigia." Hawakupiga.

Nyumbani ni Mabatini. Tunaishi wawili, mimi na mama, na mama ana kibanda cha nguo za mitumba za watoto. Alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akanichua kwa mafuta ya kila aina, yale ya kijani yanayochoma na yale meusi ambayo alikuwa hataki kusema yametoka kwa nani. Jirani yetu alisimama mlangoni akitazama.

"Mtoto mdogo hivi na viungo vya bibi kizee," alisema. "Atakuwa analala feni inampuliza."

Hatukuwa na feni.

Hospitalini nilipigwa picha ya eksirei. Daktari, kijana ambaye hakunipita sana umri, aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha na kuonekana ameridhika.

"Mifupa yako mizuri kuliko yangu," alisema. "Punguza mawazo, fanya kazi za kuchangamsha mwili."

Nikamshukuru. Baada ya hapo niliacha kusema. Mama akiniuliza nimeamkaje, nilijibu salama. Nilibeba ndoo kwa mkono wa kushoto, nilifungua vizibo kwa meno, nilipanda ngazi ubavu ubavu kama kaa, na mtu akinitazama nilisimama nikajifanya nasoma simu.

Nilipata kazi kwenye duka la vyombo vya plastiki, kwa familia ya Kihindi ambayo imekuwa mjini tangu babu zao. Mama mwenye duka alisema muuzaji akae kwenye kiti, kwani wateja wanaona mtu aliyekaa kama mtu mwenye mamlaka. Sijui kama ni kweli. Lakini nilikaa.

Ni pale dukani nilipokutana na aliyekuja kuwa mchumba wangu. Alikuwa fundi wa majokofu, anakuja kununua madumu na mipira ya maji. Yeye ndiye mtu pekee aliyeupenda mlio wa magoti yangu.

"Nakusikia kabla sijakuona," alikuwa akisema, nikitoka stoo.

Nilimwambia magoti yananisumbua kidogo. Neno "kidogo" nililitumia sana miaka ile.

Tulipofikia hatua ya kuongea mambo ya ndoa, akasema anataka kunipeleka kwao nikawasalimie wazazi wake. Kwao ni ng'ambo, ukishavuka Busisi. Tulikwenda kwa pikipiki yake Jumamosi asubuhi. Juu ya daraja alipunguza mwendo ili nitazame ziwa. Nilitazama. Lilikuwa kubwa na la kijivu, na nyonga zilikuwa zinaniwaka moto, nami nilikuwa nimeshajitoa ndani ya hizo nyonga tangu Kigongo, kabla hatujapanda daraja.

Nilivaa kitenge kipya alichonishonea rafiki yake mama. Barazani walikuwa wamekaa baba yake na mjomba wake kwenye viti, na mama yake na shangazi yake kwenye mkeka.

Kwetu, msichana akiwasalimia wakubwa anapiga magoti. Mama alikuwa ameshanisamehe hilo nyumbani, nilikuwa nainama tu. Lakini kule sikwenda kuinama. Nikapiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za Mwanza?"

"Nzuri, baba."

Nikaenda kwa mjomba, kwa mama, kwa shangazi, kote nikipiga magoti, na kote magoti yakilia. Shangazi alitabasamu akidhani ni viti vinalia. Nikafikiri nimepita.

Kisha chakula kikaletwa, ugali na sato wa kuchemsha, na mama yake akanikabidhi jagi na beseni niwanawishe wakubwa mikono. Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa heshima, alikuwa ananiingiza ndani ya nyumba. Nikapiga magoti kwa baba, nikammwagia maji. Nilipoinuka ili niende kwa mjomba, kifuniko cha goti la kulia kikateleza kikaenda pembeni.

Niliangukia beseni. Maji yakammwagikia baba yake kwenye suruali. Watu wakasimama, mama yake akasema "Yesu!", na mchumba wangu akaja mbio kutoka upande wa jikoni.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mguu umepinda, na kile kifuniko kimekaa pembeni ya goti, kinaonekana wazi chini ya ngozi kama yai. Nilijua la kufanya kwa sababu nilishalifanya mara nyingi chumbani kwangu. Nikanyoosha mguu polepole, nikakisukuma kwa kiganja, kikarudi. Ko. Nikaokota jagi. Nikamwambia mjomba, "Samahani, mjomba, ngoja nikuletee maji mengine."

Nilipoinua macho nikaona wote wananitazama, na haikuwa huruma. Walikuwa wananiogopa.

Tulikula. Mama yake aliniuliza kama niliwahi kuanguka kifafa nikiwa mdogo. Nilisema hapana. Shangazi akauliza kwetu ni nani mwingine anaumwa. Nilisema hakuna. Tukarudi kabla ya jioni. Mchumba wangu alipita kwenye daraja bila kupunguza mwendo.

Baada ya muda shangazi yake alikuja kwetu Mabatini. Alikunywa chai yote kwanza.

"Wazee wanasema tusubiri kidogo," alimwambia mama.

"Tusubiri nini?"

"Dada yangu, mimi nimetumwa tu. Wanasema kuanguka, mtu yeyote anaanguka. Lakini binti alirudisha goti lake kama mtu anayerudisha kifuniko cha sufuria, wala hakutoa chozi. Wanauliza, mtu wa namna hiyo ana nini ndani?"

"Waambie tumesikia," mama alisema, akaondoa kikombe.

Mchumba wangu mwenyewe alinipigia simu wiki ileile. Alisema mama yake anaogopa, kuna habari ya watoto watakaozaliwa, nielewe.

"Sawa," nilisema.

"Ndiyo hivyo tu? Huna neno lingine?"

Nilitafuta neno lingine. Nilitafuta kweli, nimesimama uani, nguo zinaning'inia kwenye kamba mbele yangu. Sikuona kitu. "Niseme nini?" nilimuuliza, na akakata.

Siku iliyofuata mama alifunga kibanda katikati ya siku ya soko, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mdogo wake. Akaja dukani akaniombea ruhusa, akanipeleka hospitali nyingine, kwa mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye mteja mmoja wa kibandani alimtaja.

Yule mama hakuomba picha. Aliniambia nipinde kidole gumba kuelekea mkononi, kupita kifundo. Kikalala kabisa juu ya mkono. Akaniambia nirudishe kidole kidogo nyuma, ninyooshe kiwiko, niiname nishike sakafu. Vyote vilikwenda mbali kuliko alivyotarajia. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nawachekesha wenzangu kwa mambo hayohayo.

"Viungo vyako vimelegea," alisema. "Umezaliwa hivyo. Zile kamba zinazoshika mifupa ni laini mno, kwa hiyo misuli inafanya kazi yake na kazi ya kamba. Ndiyo maana unachoka, ndiyo maana vinalia na kuchomoka. Eksirei haioni hilo."

"Inapona?"

"Haiponi. Inatunzwa. Nitakufundisha." Akavuta kiti. "Haya mara nyingi hurithiwa kwenye familia. Nani mwingine yuko hivi nyumbani?"

"Hakuna," nilisema, kama nilivyosema kule ng'ambo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba wake mapajani. Akauweka mkoba chini. Akachukua kidole gumba chake cha kulia, akakipinda kwa mkono wa pili, kikalala juu ya mkono kama changu.

"Nilidhani watu wote wanaumwa," mama alisema, akimtazama yule mtaalamu, si mimi. "Nilidhani wao wanavumilia na mimi ndiye mvivu."

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kutembea. Mama akanieleza kwamba alipokuwa msichana, shambani kwao, bega lake lilichomoka wakipalilia pamba, akaangusha jembe, akachapwa kwa kuangusha jembe. Hakusema tena. Aliolewa, akanizaa, akafungua kibanda, hakusema.

"Kwa hiyo ulipoacha kulalamika," alisema, "nikafikiri umepona."

Nilisubiri nilie. Mahali pale palifaa kabisa na hakuna ambaye angeshangaa, ni hospitali. Hakikuja kitu. Mama ndiye aliyefuta macho kwa upindo wa khanga, haraka, kama anafuta jasho. Nikachukua mkoba wake nimbebee, akaninyang'anya.

"Acha, bega lako litatoka."

Ni kweli, lingetoka.

Bado niko duka lile la plastiki. Nafanya mazoezi niliyofundishwa, ya kukaza misuli ya mapaja na ya mabega, na goti halijateleza tena vibaya, ingawa linalia. Siku za kufungua maboksi makubwa ni mbaya na siku nyingine ni za kawaida. Wakubwa nawaamkia nimesimama, na asiyependa namweleza. Nasikia yule fundi ameoa. Nilipoambiwa nilikuwa napanga ndoo kwa ukubwa, nikamaliza kuzipanga.

Mama hufanya mazoezi pamoja nami asubuhi, sisi wawili tumelala sakafuni juu ya mkeka, tukiinua mguu mmoja mmoja, yeye akinung'unika kwamba anachelewa sokoni. Kabla hatujaanza huniuliza, kwa sauti ileile anayoulizia kama kuna sukari:

"Leo lipi?"

"Bega la kushoto. Wewe?"

"Nyonga," anasema, naye anashusha pumzi na kuinua mguu.