Mlango wa Koko

Mwalimu wetu wa historia alitusimulia habari za mwalimu mmoja wa Amerika, enzi zile walipomkataa mfalme wa Uingereza. Aliacha chaki, akaingia barazani na wakubwa, akatia sahihi nchi ijitenge, huku akijua wakishindwa atanyongwa. Tukaigiza. Mimi ndiye niliyekuwa mfalme, sufuria kichwani. Nikauliza kutoka kwenye kiti changu cha enzi:

"Na wanafunzi wake je, aliwaachia nani?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Nitakujibu wiki ijayo."

Wiki hiyo akateuliwa gitifu, mkubwa wa sekta, yaani kata yetu. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha mvua. Mto uliingia jikoni kwa koko, bibi yangu anayenilea, ukaondoka na mbuzi. Ulipopungua, watu wa sekta wakachora X nyekundu ukutani: nyumba ibomolewe. Koko hakulia.

"Ule mukubwa si mwalimu yako? Umwite Mwalimu mbele ya batu. Mutu hawezi kukatalia mutoto mwenye alifundisha."

Jumamosi ya umuganda, kazi ya kijamii ya kila mwezi, baada ya kuzibua mitaro pamoja, tulikaa kwenye nyasi kumsikiliza gitifu. Nikanyoosha kidole kama darasani.

"Mwalimu!"

Watu wakageuka. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa sufuria, ukanikauka mdomoni.

"Mwalimu, koko ataenda wapi?"

Akatazama buti zake, zimejaa matope kama zetu. "Kule chini nimezika watoto wawili waliochukuliwa na mto," akasema. "Nyumba itabomolewa."

Umuganda uliofuata, kazi ilikuwa nyumba yetu. Majirani waliibomoa taratibu, wakinyoosha misumari na kumwekea koko kwenye beseni. "Pole, mama. Pole." Mwalimu aling'oa mlango mwenyewe, akaubeba mgongoni kupanda kilima hadi kwenye chumba tulichopangishiwa. Haukuingia. Ulikuwa mpana mno. Akauegemeza ukutani, akajifuta jasho.

"Lile swali lako," akaniambia. "Hakuna aliyeandika walibaki na nani."

 

Alipoondoka, koko akautazama mlango ule, nyuma yake ukuta mtupu. "Bon, sawa," akasema. Akatoa ufunguo, akaufunga, akaujaribu kama umefungika vizuri, kisha akaurudisha ufunguo kwenye pindo la kitenge.