Shamba la Mwisho Kutajwa

Mwaka 2004 kompyuta za Kyela mjini zilikuwa za kuhesabika, na mbili kati ya hizo zilikuwa dukani kwa Rukaya binti Athumani. Duka lenyewe lilikuwa la baba yake, aliyeuza vitenge na sufuria tangu enzi za kupanga foleni kugombea sabuni. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye pumzi akawa muuza vitenge, Rukaya aliomba nusu ya duka, akaweka mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na waya wa simu. Mzee Athumani aliridhia, ila wateja aliwaambia kwamba nusu ile ilikuwa ya "mambo ya hewani".

Rukaya alikuwa na miaka ishirini na sita, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusema "naweza". Hilo la pili ndilo lililomponza. Alikuwa amesoma kozi ya miezi mitatu Mbeya na kurudi na kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za katikati. Chama kimoja cha wakulima wa kakao wa Ndandalo na Talatala kilikuwa kinatafuta mtu wa kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kusajili mashamba, ili mnunuzi wa ng'ambo aone kila mkulima ana nini kabla ya kumtuma mkaguzi. Rukaya akasema naweza. Hakuwa amewahi kutengeneza hata mmoja.

Na aliutengeneza, tusimnyime haki yake. Fomu yake iliuliza jina na kijiji, ikauliza una mashamba mangapi, kisha ikatoa visanduku vya kujazia kwa idadi hiyo. Visanduku hivyo vyote alivipa jina moja, "shamba". Upande wa seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea fomu, aliandika programu fupi ya kupokea yaliyojazwa na kuyatunza. Kuijaribu, alijisajili mwenyewe. Sasa binti wa muuza vitenge ana mashamba mangapi? Aliandika moja, uani kwa baba, penye miti miwili ya kakao isiyozaa. Likatunzwa vizuri. Alifurahi hadi akamnunulia baba yake soda.

Wakulima wakaanza kuja dukani, yeye akiandika, wao wakitaja. Na kutaja mashamba, kwa watu wale, kuna mpangilio wake. Huanzi na shamba ulilofungua juzi kando ya barabara, utaonekana huna adabu. Unaanza na la wazee, lile ulilorithi, lenye kakao kongwe. Unafuata ulilofungua na mwenzako mlipooana. Changa kuliko yote unalitaja mwishoni, tena kwa sauti ya chini. Rukaya aliandika hivyo hivyo, akibonyeza kitufe, na skrini ikijibu kila mara: Asante, umesajiliwa.

Walipofika mia na themanini alichapa orodha. Aliangalia kama mistari imenyooka na kama kila jina lina shamba mbele yake. Kila jina lilikuwa nalo. Karani wa chama, bwana mmoja mpole aitwaye Anyisile, akaichukua na kuibandika ukutani kwenye ofisi ya chama.

Baada ya wiki mbili Anyisile alirudi kutoa fotokopi. Huku mashine ikinguruma, akasema kama anayetoa habari za mvua, "Watu wameitikia, dada Rukaya. Kakao za zamani zinaondoka."

"Zinaondoka kwenda wapi?"

"Zinakatwa, zipandwe changa. Mnunuzi amechagua changa tu. Mama Tulinagwe wa Talatala anaanza leo, wengine wiki ijayo."

"Nani kasema mnunuzi anataka changa?"

Anyisile alimtazama kwa mshangao. "Orodha yako."

Rukaya alikaa kwenye kompyuta. Akajisajili upya, akasema ana mashamba matatu. Akaandika moja, mbili, tatu, akabonyeza. Akafungua mahali programu ilipotunza. Pameandikwa: tatu. Akarudia kwa matano. Likabaki la tano. Kumbe visanduku vyenye jina moja vilipofika kwenye seva, kila kilichoingia kilikifuta kilichokitangulia, na cha mwisho ndicho kilichobaki kimekaa. Shamba la wazee lilifutwa na la ndoa, la ndoa likafutwa na lile la barabarani. Watu waliosoma ile orodha hawakuona kasoro. Waliona uamuzi. Walikuwa wamezoea orodha zinazotoka juu na wanunuzi wanaobadilisha masharti kila msimu, na hii ilionekana kuwa na akili kabisa: kongwe zote nje, changa zote ndani.

"Nipakie kwenye baiskeli," alimwambia Anyisile.

"Fotokopi zangu..."

"Kaka Anyisile, nipakie!"

Njiani Rukaya alikuwa anaomba Mungu Tulinagwe awe ameamka na homa, kisha akajionea aibu kwa dua ya namna hiyo. Tulinagwe alikuwa mjane wa miaka kama hamsini na tano, na shamba lake la mgombani, kakao zilizopandwa chini ya migomba, alilipanda na marehemu mumewe mche kwa mche. Rukaya aliyajua haya kwa sababu mama huyo alimsimulia siku ya kujisajili, na yeye akabofya "tuma" kabla hadithi haijaisha.

Panga walilisikia kabla hawajafika. Aliko, mtoto mkubwa wa Tulinagwe, mwanamume mwenye familia yake, alikuwa amevua shati, anakata. Mama yake alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani. Miti kumi na mmoja ilikuwa chini, mingine ina maganda ya njano ambayo hayakuwahi kuvunwa.

"Mugonile," Anyisile alisalimu kwa Kinyakyusa, kwa kuwa salamu hairukwi hata nyumba ikiungua.

"Ndaga," Tulinagwe aliitikia.

"Shikamoo mama," Rukaya alisema. "Mwambie kaka Aliko aache. Tafadhali."

"Marahaba mwanangu. Aache kwa nini? Kompyuta imeikataa hii."

Hapo angeweza kulaumu mashine, au laini ya simu, na hakuna aliyekuwapo ambaye angembishia. Maneno yalishamfika mdomoni. Akayameza.

"Haikukataliwa na mtu, mama. Ulinitajia mashamba matatu, mimi nikatengeneza kitu kinachojua kushika moja tu. Kilishika la mwisho. Sikukijaribu vizuri. Kosa ni langu."

Aliko aliliacha panga likining'inia mkononi. Tulinagwe aliiangalia miti iliyolala, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Rukaya alianza kulia na kuomba msamaha, akaomba tena, mpaka mama yule akainua kiganja.

"Leo sikusamehe," alisema kwa upole kabisa. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya. Mashina haya yakichipua, tutazungumza. Sasa nenda ukawazuie wengine."

Akaenda. Aliiondoa orodha ukutani kwa mkono wake, akasimama mbele ya wanachama akasema kosa ni lake, wakamsema mpaka wakachoka. Mwalimu wake wa Mbeya, kwa simu, alimweleza dawa ambayo ilikuwa kwenye kurasa zile zilizokosekana: weka mabano ya mraba, matupu, mwisho wa jina la kisanduku, na programu itayapokea mashamba yote kama orodha, kwa mpangilio wake. Mabano mawili! Rukaya aliyaandika, akajaribu kwa shamba moja, kwa matatu, kwa kumi. Kisha akawasajili upya wote mia na themanini, akienda nyumba kwa nyumba na daftari, na safari hii alisikiliza hadithi mpaka mwisho. Mkaguzi alipokuja alikagua na kongwe, akaandika chake, akaondoka.

Masika yalipopungua Rukaya alikwenda Talatala peke yake. Tulinagwe alimpokea kwa ndizi za kuchemsha, akamwacha ale, kisha akampeleka mgombani. Kwenye mashina, karibu na ardhi, machipukizi yalikuwa yamesimama wima, majani yake bado mekundu na laini. Walipita shina kwa shina, Tulinagwe akiinama kugusa kila moja. Tisa yalikuwa yamechipua. Mawili yalikuwa yameoza.

"Kwa tisa nimekusamehe," Tulinagwe alisema, akijifuta udongo mikononi. "Kwa mawili, bado."

"Ndaga fijo, mama," Rukaya akashukuru kwa Kinyakyusa, na wakarudi nyumbani kumalizia ndizi.