Vidole vya Njano

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hunijia nikifumba macho. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga ya Igalula, na ndege weupe wamesimama ndani yake kama nguo zilizoanikwa na mtu akasahau kuzianua.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Uganda, kila kitu nakiuliza kwa nini. Shangazi aliyenilea alikuwa kitandani na homa, na miche yake ya mpunga, chakula chetu cha mwaka mzima, ilikuwa tayari kupandikizwa.

"Watazame yangeyange, wale ndege weupe," aliniambia. "Panda walipo wenye vidole vya njano."

"Shangazi, yangeyange ni yangeyange. Huo ni ushirikina."

"Haya, msomi. Leo mwenye miguu ni wewe."

Majaruba ya juu, vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, yalikuwa meupe kwa ndege. Kule chini walikuwa wanne tu. Maji yalimeta kote. Nikapanda juu, karibu na njia, miche yote, bila kutazama kidole cha ndege yeyote, huku naimba.

Mvua ikakatika wiki tatu. Shangazi alipopata nafuu tulikuta udongo umepasuka, miche imekauka. Kule chini maji yalikuwapo bado, na wale ndege wanne.

Hakunigombeza. Alinishika shingo, akaniinamisha. "Tazama."

Mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya njano kama aliyekanyaga bizari. Ndege aliutikisa mguu mmoja majini, polepole, akiwafukuza samaki wadogo wajitokeze.

"Huyu hakai pasipo na maji ya kudumu. Wale wa juu, wenye shingo fupi na mdomo wa njano, wanafuata panzi na ng'ombe. Siku ile ulijiuliza maswali mangapi?"

"Mengi, shangazi."

"Ukainama mara ngapi?"

Mwaka ule tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, na kila jioni alinipakulia mimi kwanza. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwanangu, usiache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini ukiambiwa neno la waliokutangulia, usilikubali wala usilikatae kabla hujainama ukatazama. Mungu akupe macho yenye subira, na popote utakapopanda, maji yasikukimbie.