Sema Tangawizi

Bi Hikma binti Jamil alizaliwa Majengo, Pumwani, katika nyumba ileile ya udongo na mabati anayoishi hadi leo. Mimi, Mama Ubaid, ni fundi wa cherehani, na kwa miaka thelathini nimekaa kwenye baraza inayotazamana na yake. Nimemwona akiolewa, nimemwona akizika mume, nimemwona akilea binti mpaka akamwoza Mombasa. Wema wake naujua na ukaidi wake naujua, kwa hiyo sitamsifu kupita kiasi.

Anauza dawa. Mgeni asishtuke: kwetu Nairobi dawa ni kinywaji pia, tangawizi iliyotwangwa, ndimu na asali, na hunywewa moto. Bi Hikma huongeza habasoda, na kwa anayetaka, maji ya mwarobaini, machungu ya kumtoa mtu machozi. Alirithi kwa mama yake. Kinu chake ndicho huniamsha alfajiri, nami nimekilaani mara nyingi, Mungu anisamehe.

Nyamai alikuwa mchonga vinyago. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka barazani, na hapa mjini hakuwa na ndugu. Alipopimwa akakutwa na virusi vya ukimwi, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Bi Hikma, ambaye Nyamai alimwita Mama. Kliniki ilipomtaka ataje mtu wa kumkumbusha vidonge, alimtaja yeye. Siri hiyo mimi niliijua baadaye sana, kwa kinywa cha Bi Hikma mwenyewe.

Miaka minne vidonge vilimweka sawa. Alinenepa hata akaja kwangu nimpanulie suruali. Kila asubuhi alianza siku yake kwa kikombe cha Bi Hikma, na kwa shukrani akamchongea kibao cha muhugu, neno moja tu kwa herufi nene: DAWA, na jani la mwarobaini kila upande. Bi Hikma alikitundika juu ya meza yake, akawa anakifuta vumbi zaidi kuliko anavyofuta kabati lake.

Mwanzoni alikuwa akimuuliza, "Vidonge umemeza?" Miaka ilivyopita swali likafupika. "Umekunywa dawa?" Naye Nyamai huinua kikombe, wakacheka.

Kisha akaja Batulo, binti wa nyumba ya tatu, anayesomea mambo ya tiba chuo kikuu. Aliomba majani ya mwarobaini, akayapeleka maabara. Siku aliporudi nilikuwa nakunga pindo la kanzu, nikasikia kwa masikio yangu.

"Bibi, majani yako yamework! Yameua virusi vya mafua kwenye glasi. Lakini ni kwenye glasi tu, mtu bado hatujajaribu. Hata jiki ya kufulia inaua virusi kwenye glasi, na huwezi pea mtu jiki akunywe."

Akaeleza kwamba mimea ina vitu viitwavyo antioksidanti, ambavyo huenda vikausaidia mwili usichakae upesi, na kwamba kutoka kwenye jani mpaka kwenye kidonge ni safari ya miaka, na majani mengi huishia njiani.

Maneno yale yalikuwa na kichwa na mkia. Bi Hikma alichukua kichwa. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua: "Chuo kikuu kimepima. Dawa yangu inaua virusi!" Mafua hakuyataja, wala glasi. Nami niliyesikia yote nilinyamaza, kwa kuwa nilifurahi jirani yangu amepata sifa. Linaniuma hilo mpaka leo.

Nyamai alisikia, akatabasamu, akaongeza kikombe cha jioni.

Miezi ikapita. Kliniki ikapima damu yake ikaona virusi vimepanda. Wakamtuma Austine, mhudumu wa afya wa mtaa, amuulize yule mtu wa kukumbusha.

"Sasa, Bibi. Huyu Nyamai anakunywa dawa kweli?"

Bi Hikma alikasirika. "Wallahi anakunywa! Asubuhi na jioni, mbele ya macho yangu haya. Hajakosa hata siku moja."

Austine akaandika. Hakuna aliyesema uongo pale. Kliniki ikadhani vidonge vimeshindwa nguvu, ikambadilishia. Nyamai akavipokea vipya, akashukuru, akaviweka kwenye sanduku la patasi pamoja na vile vya zamani, chupa juu ya chupa, nyingine hata hazijafunguliwa.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi. Ile suruali niliyoipanua sasa aliifunga kwa kamba. Bi Hikma alizidisha tangawizi, akazidisha asali, akamsukumia kikombe cha tatu. Nyamai alipolazwa hospitali, Bi Hikma alimfuata na chupa ya chai mkononi. Daktari akamuuliza Nyamai mbele yake, taratibu, vidonge anavyomeza ni vya rangi gani. Nyamai akamgeukia Bi Hikma.

"Mama, zile zingine niliacha tangu Batulo alipoleta majibu. Yako ilitosha."

Alisema kwa fahari. Alidhani anampa zawadi.

Daktari alimrudishia vidonge siku ileile, lakini kifua kikuu kilikuwa kimeshamtangulia. Nyamai alikufa siku ya tisa, akazikwa kwao Makueni. Bi Hikma alikwenda, na buibui lake, katikati ya nyimbo za Kikristo, akatia udongo kaburini kwa mikono yote miwili. Mtu mmoja akamwambia ni mipango ya Mungu. Sina subira na watu wa namna hiyo. Bi Hikma alimjibu, "Mungu alishaleta vidonge. Mimi ndiye niliyeapa."

Arubaini nzima kinu hakikulia. Nilikuwa naamka saa ileile, nasikiliza, nakosa, nalia. Sikujua kama ukimya wa jirani unaweza kumchosha mtu vile.

Alipofungua tena meza, Mutunga, mchongaji mwenzake Nyamai, alijitolea kuliranda lile neno kwenye kibao. Bi Hikma akakataa. "Liache. Ni mkono wake." Akakitundika upya, lakini amekigeuza: maandishi yanamtazama yeye aliyekaa, wanunuzi wanaona mgongo mtupu wa ubao. Na kabla ya kumimina humuuliza kila mtu, mzee kwa kijana, kama ana vidonge vya hospitali na kama amevimeza leo, vya rangi gani. Wengine humwona mkorofi, wakaenda zao. Anawaacha waende.

Juzi nilipata mafua. Nikavuka njia, nikamwambia kwa mazoea ya miaka thelathini, "Nipe dawa, shoga yangu."

Hakushika chupa. Alinitazama, macho yamejaa.

"Sina dawa. Nina tangawizi. Sema tangawizi, Mama Ubaid."

Nikasema tangawizi. Ndipo akanimiminia.