Kizuizi cha Bunduki Ndogo

Bunduki ililia kabla sijagusa triga. Nilikuwa nimeielekeza chini vile nilifunzwa, nikafunga tu mitutu, ikalipuka. Marisau, zile chembe za risasi, yakapiga jiwe la machimbo, na vipande vya jiwe vikarudi kwa jicho langu la kushoto. Hilo jicho halikuona tena.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa furaha, wacha niseme. Miaka ya tisini, pale Makutano, nyuma ya duka la tajiri wetu, tulikuwa wawili: mimi na fundi mzee wa bunduki kutoka Runyenjes. Shule niliacha mapema, na yeye hakuniuliza cheti. Wakulima wa kando ya msitu walituletea bunduki za zamani za mitutu miwili, za kufukuza nyati kwa mahindi. Asubuhi za manyunyu nilikuwa napitia soko la Gakoromone kununua jani la ndizi. Fundi analitandaza mezani, nduma zinaiva kwa jiko, mafuta ya bunduki yananukia. Bunduki ya fremu kubwa, yaani mwili mkubwa, anaifungulia kulia, ya fremu ndogo kushoto. Juu ya jani la kijani hata springi haipotei.

"Hizi ni ndugu," alikuwa ananiambia, "lakini si mapacha."

Kweli, kwa macho vyuma vilifanana. Lakini kile kizuizi kinachoshika nyundo ya kugonga risasi isianguke, cha fremu ndogo kilikuwa kifupi, labda unene wa ukucha. Ukikitia kwa kubwa kinashika vizuri, halafu bunduki ikishtuka kinateleza. Ndiyo maana vipuri vya kubwa vilikaa kwa kopo la majani chai, vya ndogo kwa kopo la mafuta ya kupikia. Fundi alimwonya tajiri mbele yangu asivichanganye. Tajiri akacheka.

"Muthee, chuma ni chuma. Wewe unavipa mpaka ukoo."

Fundi akaenda kwao kuzika dada yake. Tajiri akataka makopo ya kuwekea misumari, akamwaga vipuri vyote kwa karai moja. Mteja akaja na haraka zake, bunduki ya fremu kubwa, kizuizi kimelika. Tajiri akachovya mkono kwa karai, akatia kilichoingia. Nilimuuliza ni cha kopo gani.

"Si kimeshika? Nenda machimboni ukaijaribu."

Fundi aliporudi aliifungua ile bunduki juu ya jani, akalaza kile kizuizi kando ya cha kubwa. Alinisogezea tu, nione kwa jicho lililobaki.

Tajiri ameambia Makutano yote kwamba nilichezea triga. Hadi leo vijana wa stendi wananiita Bwana Triga. Fundi alishazikwa, na nikinusa mafuta ya bunduki mahali, bado natafuta ile meza.

Wewe tajiri ungali hai, duka lako liko palepale. Simama mbele ya hao uliowadanganya, unijibu: ni nani alimwaga yale makopo?