Gari Lililopimwa kwa Goti la Mama Mkwe

Ni Desemba mwaka jana, saa mbili asubuhi, na gereji ya Fundi Salu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, imeshachangamka. Nyundo zinalia, redio inalia zaidi. Katikati ya uwanja imesimama pikapu nyeupe ya zamani, imeinuliwa mpaka mbuzi anapita chini yake bila kuinamisha kichwa.

Mlango unafunguka, na Mayige Mhoja, dereva wa mizigo mwenye miaka hamsini na minne, anaruka chini kama mtu anayetoka juu ya ghala. Mkononi ana fimbo. Mfukoni anatoa kamba ya katani yenye mafundo mawili.

"Mwangaluka, Salu."

"Mwangaluka, Twiga. Umekuja na fimbo, ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe wameshageuka matairi," anajibu Mayige. "Shika hii fimbo. Hili ndilo tuta la kule mbugani. Na hii kamba ni mama mkwe."

Fundi Salu anafuta mikono kwenye ovaroli na kuipokea kamba kwa mikono miwili, kwa adabu, kama vile mwenyewe yupo.

Mayige anaishi Bariadi na mkewe, Violeth. Pikapu yake ina umri mkubwa kuliko mtoto wao wa kwanza, na Violeth anasema inatunzwa vizuri kuliko watoto wote. Kazi yake ni kubeba mahindi, mpunga na pamba kati ya Migato na mjini. Msimu ukiwa mzuri, kwa siku anabaki na elfu thelathini baada ya mafuta. Mvua zikianza, kuna wiki habaki na kitu, kwa sababu barabara ile inapita kwenye udongo mweusi wa mbuga, na udongo ule ukishiba maji hauna rafiki.

Lakini si mzigo uliompeleka gereji. Ni Milembe, mama yake Violeth, anayekaa Migato, wilaya jirani ya Itilima. Mama huyu ana kisukari, na mguu wake wa kushoto una kidonda cha siku nyingi. Kila mwezi lazima afike kliniki Bariadi. Dereva wake ni Mayige.

Kwa msomaji asiyetoka Usukumani, hapa kuna jambo la kueleza. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kupeana nafasi. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Milembe hajalegeza. Alikubali kupanda gari la mkwe wake kwa sharti moja, kwamba Violeth akae katikati.

"Mimi ndio ukuta," anasema Violeth na kucheka. "Mama anasema, 'Mwambie dereva apunguze mwendo.' Mume wangu anasema, 'Mwambie mama nimepunguza.' Wote wananiongelea masikioni, na mimi sijatikisa mdomo."

Februari mwaka jana, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, gari lilinasa mbugani wakielekea kliniki. Tairi ziliingia kwenye mifereji ya njia, na tuta la katikati likaipokea difu, lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Gari likakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia. Tairi zinazunguka, gari halina habari.

Mayige alichimba mpaka akachoka. Maji yalikuwa yanaongezeka na mama alitakiwa kutolewa. Violeth peke yake hakumuweza. Milembe ni mwanamke mwenye mwili, na mwenyewe anajivunia.

"Mimi nabeba gunia la mahindi kilo mia, nalitupa juu," anasimulia Mayige. "Siku ile nilisimama kando, mikono nyuma, naangalia upande wa pili. Mikono yote miwili mizima, na haina kazi. Sijawahi kujisikia mjinga namna ile."

Violeth alipiga kelele mpaka kina mama wanne waliokuwa wanapalilia pamba wakasikia. Wakaacha majembe, wakaja, wakambeba Milembe juu juu mpaka nyumba ya karibu. Kliniki ikapita. Dawa zilikuwa zimeisha, na barabara haikupitika mpaka wiki iliyofuata. Alipofika hospitali, kidole kimoja cha mguu kilikatwa.

"Daktari aliniambia wazi," anasema Violeth. "'Safari hii ni kidole. Mkikosa tena, tutaongelea mguu.'"

Ndipo Mayige akaapa kwamba gari lile halitakaa tena juu ya tuta. Novemba, kabla ya mvua, aliuza ng'ombe wawili, dume na mtamba. Alikuwa ameona kule Lamadi magari ya watalii yanayoelekea Serengeti, yamenyanyuka, tairi pana kama meza. Akasema hayo ndiyo. Akamtafuta fundi mmoja, si Salu, akamwambia anyanyue mpaka achoke. Fundi akaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, gari likapanda inchi sita. Chini wakafunga matairi mapana yenye meno.

Kwa siku kadhaa Mayige alikuwa mfalme. Watoto wa Migato walimkimbilia wakiimba, "Twiga! Twiga!" Ni kweli gari lilikuwa linayumba kwenye kona, propela, ule mhimili unaozungusha tairi za nyuma, inatetemeka, na gia ya tano imekuwa pambo, maana injini ile kuukuu haikuweza kusukuma matairi yale. Hayo aliyavumilia.

Siku ya kliniki ikafika. Milembe akatoka na gauni lake la kanisani, mkoba kwapani na bakora mkononi. Akasimama mbele ya mlango wa gari. Kizingiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

"Violeth," akasema taratibu, "hebu muulize mwenye gari. Hili limeletwa kunipeleka hospitali, au mbinguni?"

Waliweka kigoda. Waliweka gunia la pumba juu ya kigoda. Mayige, kwa adabu, alikuwa ameligeuzia gari mgongo, anaangalia ua wa minyaa.

"Nilikuwa nasikia tu," anasema. "Nasikia, 'Inua mguu, mama.' Nasikia, 'Mguu gani, mtoto, huu ndio niliobaki nao!' Halafu nikasikia kigoda kinakwenda upande wake. Nikafumba macho."

Milembe hakuumia, alikalia gunia. Lakini kupanda hakupanda. Jirani akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, Milembe akakaa juu ya majani na Violeth pembeni, safari ya barabara kuu ikaanza, ili wakapande basi.

Na nyuma ya mkokoteni, kilomita baada ya kilomita, ilifuata pikapu ndefu kuliko zote wilayani Itilima, tupu, kwa mwendo wa ng'ombe. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Mayige hakuthubutu.

"Sasa nimpite mama mkwe nimtimulie vumbi?" anauliza, kama vile swali lenyewe ni tusi. "Nilikaa gia ya kwanza mpaka barabara kuu. Injini ikachemka. Watu wanatoka majumbani kuangalia. Wengine walidhani ni harusi."

Ndiyo maana asubuhi hii yuko kwa Fundi Salu na vipimo viwili. Fimbo aliikata mwenyewe mbugani, usawa wa tuta. Kamba ni kazi ya Violeth, maana mkwe hawezi kwenda kupima miguu ya mama mkwe. Fundo la kwanza ni urefu ambao Milembe anainua mguu mzima bila kuhangaika. Fundo la pili ni pale mkono wake unapofika akitaka kujishikilia.

Salu anasimamisha fimbo chini ya difu, anainingʼiniza kamba mlangoni, anakuna kichwa.

"Fimbo inasema panda, kamba inasema shuka," anasema. "Wewe ulidanganywa, ndugu yangu. Ukinyanyua springi, umenyanyua bodi tu. Difu iko kwenye ekseli, haijui kama umenyanyua. Kinachoinua difu ni tairi."

"Kwa hiyo zile inchi sita?"

"Zilimnyanyulia mama mlango. Basi."

Mayige anaangalia gari lake. Dume na mtamba.

Salu anachora chini kwa msumari. Matairi marefu lakini membamba, namba saba hamsini, yale ya magari ya kazi, yanaipandisha difu inchi moja na kitu kuliko tairi zilizokuja na gari. Tena tairi jembamba linakata tope na kutafuta udongo mgumu chini. Pana linaelea juu, linajibandika udongo mpaka linafanana na chapati. Vile vyuma vinatoka. Badala yake anaongeza jani moja la chuma kwenye kila springi, gari linapanda inchi mbili, kiasi cha tairi jipya kutogusa madigadi.

"Inchi mbili tu?" Mayige anauliza. "Watoto watanicheka."

"Watoto wana kisukari?"

Mayige anacheka mwenyewe. Matairi mapana yanakwenda kwa kijana mmoja wa mjini anayetaka gari la kupigia picha, naye anatoa manne membamba na chenji ya kulipia springi. Kwenye mlango wa abiria Salu anachomelea ngazi moja, usawa wa fundo la kwanza, yenye bawaba, ili ikikutana na tope ijikunje badala ya kulima. Juu, usawa wa fundo la pili, anaweka mshikio na kuufunga mpira.

Fimbo inapita chini ya difu kwa nafasi ya vidole viwili. Salu anaipitisha tena na tena. "Vidole viwili ni vidogo," anakiri. "Usibebe mzigo siku ya kliniki. Mbebe mama peke yake."

Siku hiyo ilikuja Januari, na mvua ilikuja nayo. Mayige aliacha gunia za mpunga za mteja zikimsubiri, akaenda Migato na gari tupu. Milembe alitoka, akalikagua gari kuanzia chini kwenda juu. Mayige akageukia minyaa.

Akasikia bakora inaegeshwa. Akasikia chuma cha ngazi kinalia. Halafu sauti ya mama mkwe, kutoka ndani:

"Violeth, unasubiri nini? Tunachelewa."

Mbugani njia ilikuwa supu. Mayige aliweka gia nzito na hakugusa breki. Tairi zilizama, zikazama tena, zikakuta kitu kigumu. Chini, tuta lilisugua difu kwa sauti ya kukwangua sufuria. Shambani, kina mama walewale wa mwaka jana waliona gari, wakasimama, majembe begani, tayari kuja.

"Mwambie asisimame," Milembe akamwambia binti yake. "Wale wana palizi yao."

Hakusimama. Sauti ya sufuria ikakatika, pua ya gari ikapanda ng'ambo, na wanawake wakapiga vigelegele. Milembe aliwapungia mkoba mpaka wakapotea.

Tangu siku hiyo hajakosa kliniki. Nesi anasema kidonda kinafunga kutoka pembeni, mguu unabaki.

Mwezi uliopita, wakirudi, Milembe alitazama kioo cha mbele na kuuliza, "Violeth, hivi hili gari linaweza kufika Nassa?"

Nassa, kule ziwani, ndiko aliko dada yake mkubwa. Hawajaonana tangu mguu uanze kuuma, na simu haiwatoshi, maana dada masikio yamechoka.

Mayige naye alitazama kioo. "Mwambie mama linafika."

"Mmesikiana," Violeth akasema, akafumba macho. "Mimi nalala."

Safari imepangwa baada ya mavuno, njia ikikauka. Mayige ameshawaambia wateja kwamba siku mbili hizo hatabeba mzigo wa mtu.

"Nitamfikisha mpaka mlangoni kwa dada yake," anasema, akipitisha kitambaa kwenye mshikio. "Nitazima gari, nitashuka, nitakwenda mbali kidogo. Niwaache walie vizuri."